Mama mkwe amelazwa kando ya mashine yangu

Admin, tafadhali ficha jina langu, hapa Malaba tunajuana.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, fundi wa elektroniki, nina mke na watoto wawili. Chuo sikuenda. Mashine yangu ya CNC nilijijengea: mota na fito za chuma nilitoa kwa printa mbovu, fremu nikachomelea mwenyewe. Inaongozwa na kompyuta, inachonga njia za shaba kwenye bodi za saketi na kutoboa matundu ya milimita 0.8. Kwa mkono, bodi moja ilikuwa inamaliza asubuhi yangu yote. Mashine inachukua dakika kumi na nne. Mwanzoni ilikuwa inatetemeka na kuvunja biti za kutobolea, nikafukia miguu yake ndani ya simiti ya sakafu, chumba cha nyuma. Ikatulia kabisa. Siku ya kuihamisha sikuifikiria.

Mwezi uliopita nilienda Busia kupeleka bodi. Niliporudi, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na hakunipisha. Akaniambia mama yake amevunjika nyonga, kliniki yake iko hapa karibu, na ameshamlaza chumba cha nyuma. Hakuwa ameniuliza.

Waluhya wenzangu mnaelewa. Kwa mila yetu, mimi na mama mkwe hatulali chini ya paa moja, hata mkono hatusalimiani. Kuingia mahali amelala, tena mgonjwa wa kugeuzwa kitandani, hilo halisemeki. Na chumba hicho hakina mlango mwingine. Sasa nalala kwa rafiki yangu turniboi wa malori, chakula napokea dirishani kama mfungwa.

Anayeniuma zaidi ni shemeji, kaka ya mke wangu. Ana nyumba ya mawe Bumala, vyumba vitano, viwili havina mtu. Nilimwomba amchukue mama, akasema bibi yake si nesi. Nikasema basi nimpangie mama chumba kwa ploti yetu hii hii, milango mitatu kutoka kwetu. Akapigia jamaa wote simu eti nafukuza mgonjwa kwa sababu ya vyuma. Mke wangu naye analia, anauliza usiku nani atamgeuza mama na nani atabaki na watoto.

Mteja wangu Busia, mama wa duka la sola, anangoja bodi sitini. Ameniambia kwa upole, "Fundi, nakupenda, lakini Ijumaa nikikosa naagiza Kampala." Huyo akienda harudi.

Jana nikiwa dirishani, mama mkwe alinisemesha kutoka ndani, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake.

"Baba, ingia ufanye kazi. Mimi nitajifunika shuka uso. Hawa watoto watakula heshima?"

Mke wangu akafunga dirisha, akatoka nje, akaniambia polepole, "Ukiingia, ndugu zangu nitawaangalia na macho gani?"

Vumbi msiniulize, nimeweka feni ya kulivuta nje. Shida ni hii. Nikiingia, shemeji atanitangaza mpaka Butula kwamba nilimwingilia mama mkwe kitandani, na watoto wangu watalibeba hilo. Nikivunja simiti, fremu itapinda, na robo milimita ikipotea kila tundu linakosa mahali pake. Kuinyoosha ni wiki tatu, kama itakubali.

Leo ni Jumatano. Ruhusa ya mama ninayo, nyundo pia ninayo. Ndugu zangu, nishaurini bila matusi: nitumie ipi?