Jiwe la Mama Yake Melania

Siku Kastori alipomwona Melania kwa mara ya kwanza, mwanamke huyo alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, viatu mkononi, akimfokea Kastori na wachimbaji wenzake kana kwamba amewafumania jikoni kwake.

"Mnatafuta nini kwa mama yangu?"

Mwalimu Letisia, mtaalamu wao wa mambo ya kale kutoka Gitega mjini, alimweleza kwa upole kwamba juu ya mlima huu wa Nyarusange waliishi watu maelfu ya miaka iliyopita. Wao walitafuta vigae vyao, mawe yao ya kusagia, majivu ya meko yao.

"Na sisi wa juzi je?"

Juzi yake ilikuwa mwaka 1972. Alikuwa na miaka tisa walipokimbilia Tanzania. Akaolewa huko, akamzika mume huko, na amani ilipokuja akarudi kupitia Muyinga, ambako shemeji yake alimpa chumba. Lakini kwao ni hapa, na hapa alimkuta mtu aitwaye Prosper akilima shamba la mama yake.

Ikawa kila asubuhi Melania anakuja na mihogo ya kuchemsha, anakaa juu ya kifusi. Kastori naye alikulia kambi ya wakimbizi, akaishia darasa la sita, na katika miaka arobaini na tano hakuwahi kuzoea kusemeshwa.

"Kaka, hata chumvi unaiomba kwa macho!" Melania alimtania. "Ulimi uliuacha kambini?"

Wenzake walicheka. Yeye alitabasamu na kutazama jembe lake. Hata hivyo, kati ya wachimbaji, ni yeye peke yake aliyeambiwa habari ya jiwe. Siku ya kukimbia, mama yake Melania alifukia jiwe lake la kusagia chini ya meko, kifudifudi. Kwao jiwe likilazwa hivyo, mwenyewe atarudi. Mama alisagia kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo jiwe lililika zaidi upande huo. Wazee wa mlima walikuwa wamekubali: Alhamisi watachimba pale atakapoonyesha, na jiwe likitoka, shamba ni lake.

Prosper hakujali. "Mama we, hapa iko mawe kila pahali. Mi nalima mawe tu!"

Jumatatu Melania akaenda Muyinga kumleta shemeji yake awe shahidi. Siku hiyohiyo Letisia akaamuru shimo lipanuliwe, na jembe la Kastori likagonga jiwe kubwa lililolala kifudifudi, kina chake hakifiki hata gotini. Kando yake kulikuwa na kipande cha sahani ya bati chenye kutu. Sheria ilikuwa kutogusa kitu cha udongo wa juu kabla ya kumwita Mwalimu. Lakini kwa wiki tatu Kastori alikuwa ameokota vigae vya ukubwa wa ukucha tu. Alitupa bati kwenye kifusi, akaliinua jiwe kwa mikono miwili. Wenzake wakapiga makofi.

"Limetoka chini kabisa?" Letisia aliuliza, macho yakimng'aa.

Kastori akatikisa kichwa kukubali. Kutikisa kichwa hakuhitaji ulimi.

Alipoliosha ndipo alipouona upande wa kushoto ulivyolika. Alipanga kusema mchana, halafu jioni. Kesho yake jiwe liliandikwa namba arobaini na moja kwa rangi nyeupe, likapelekwa Gitega.

Alhamisi Melania alinyoosha kidole, na kidole kikaelekea shimoni.

"Hapa lilitoka jiwe moja," Letisia alisema kwa moyo safi, "lakini ni la kale mno, la chini kabisa. Kastori ndiye aliyelitoa."

Wazee wakamgeukia Kastori. Akatazama miguu yake.

Wiki iliyofuata alimkuta Melania kwenye kituo cha magari Gitega, amekwisha kupanda gari la Muyinga. Kastori alishika dirisha, akamwambia yote kwa pumzi moja, maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia tangu wajuane. Atakwenda kwa wazee leo hii, atasema.

"Wazee wamekwisha kunywa pombe ya ushindi ya Prosper," Melania alisema. "Kesi imefungwa." Akainamia dirisha. "Jiwe wameliweka vipi?"

"Ndani ya sanduku. Uso juu."

Dereva akawasha gari.

"Basi waliache hivyohivyo. Hakuna anayerudi."