Nilishika winchi ya Bwana Chura kule Matongo: meneja anataka ashuke, wazee wanataka apande

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Nimesoma uzi wa yule mkuu aliyenunua rebreather (kifaa cha kupumulia chini ya maji) yenye kompyuta inayopima oksijeni yenyewe. Nikacheka peke yangu. Ya kwetu haikuwa na kompyuta, ilikuwa na mimi.

Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, Matongo kule Tarime, miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Mnaoniita "dogo" kwenye comments, nawasamehe.

Nilikuwa karani wa stoo kwenye mgodi mdogo wa dhahabu. Nimetoka sekondari, Kiingereza kinapanda, miguu inawasha. (Miguu hiyo ilinifikisha Kisumu, Mombasa, hadi Kitwe. Lakini mpaka leo nikikumbuka harufu ya udongo wa Tarime baada ya mvua, natafuta viatu nirudi.)

Shimo kuu lilijaa maji, pampu ikazama humo. Meneja akaleta mzungu mwenzake aliyewahi kuwa mpiga mbizi wa jeshi. Watu wakamwita Bwana Chura, naye akalipenda jina.

Kifaa chake kilikuwa mfuko wa mpira kifuani. Unapumulia humo, unga ulio kwenye mkebe unanasa hewa chafu, kisha unavuta hewa ile ile tena, ikiongezewa oksijeni kutoka chupa ndogo.

Mzee Mwita, ambaye boma lake lilipakana na mgodi, aliuliza kama mzungu huyu ni maskini kiasi cha kutumia pumzi moja mara mbili.

Bwana Chura aliketi kwenye ubao unaoning'inia kwenye kamba ya winchi, akanieleza taratibu, maana kwa Kiingereza changu mimi ndiye niliyepewa mpini wa kuizungusha. Kule chini atatumia hewa ya mchanganyiko, oksijeni na naitrojeni. Kutoka moja kwa moja haruhusiwi, maana shinikizo la maji limesukuma naitrojeni kwenye damu. Ukitoka haraka, damu inafanya mapovu kama soda iliyofunguliwa. Unapooza, au unakufa.

Lazima upande polepole na kusubiri njiani; hiyo ndiyo decompression. Na kwa kuwa Tarime ni nyanda za juu, hewa nyepesi, kusubiri kunakuwa kurefu zaidi.

Kwa hiyo karibu na juu, kwenye alama ya kitambaa chekundu, atasimama na kujaza mfuko oksijeni tupu ili damu isafike upesi. Ila oksijeni tupu ukishuka nayo inageuka sumu. Unashikwa na degedege humo humo majini.

"Nikifika kwenye kitambaa usinishushe, usinipandishe," akasema. "Nikimaliza nitavuta kamba mwenyewe."

Rahisi kabisa. Shida ilikuwa binadamu walioko juu.

Akashuka, akaifunga pampu mnyororo, tukaitoa. Naye nikampandisha hadi kwenye kitambaa. Akasimama. Oksijeni tupu.

Meneja akaikagua pampu, akanuna. Akanijia na Kiswahili chake.

"Spana ya kampuni bado iko chini. Shusha yeye."

Nikamweleza habari ya degedege. Akasema oksijeni hupewa wagonjwa hospitali, haiwezi kuzidi. Akashika mpini wa winchi.

Hapo hapo akafika Mzee Mwita na wazee wenzake. Alikuwa amechinja mbuzi kwa ajili ya Bwana Chura. Kwetu mgeni kusimamishwa mlangoni ni aibu ya boma zima. Na kabla mgeni hajaonja, mzee hagusi nyama. Njaa ilikuwa imeanza kuwaongezea ukarimu.

"Mura, kijana wangu, mgeni wangu yuko wapi?"

"Shikamoo, mzee. Yupo hapo chini, karibu afike."

"Anafanya nini?"

"Amesimama."

"Nani amemsimamisha?"

Nikaeleza damu, nikaeleza mapovu. Akasikiliza vizuri sana, kisha akashika mpini upande wa pili.

Picha ndiyo hiyo, wakuu. Meneja anashusha, mzee anapandisha, mimi nimeikumbatia winchi kama mama mkwe anavyokumbatia jeneza msibani. Chini degedege, juu mapovu.

Nikamwambia mzee kwa Kikurya, "Mgeni mwenyewe amesema asiingizwe bado. Tumburute?"

Akaachia mpini.

"Amesema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi hatumburuti. Lakini hatumwachi mlangoni peke yake."

Akaagiza vigoda, ugali wa ulezi na ile nyama. Wazee wakaketi kuizunguka winchi, magoti yamegusana, fimbo mapajani. Meneja akatafuta pa kupita, hakuna.

"Bwana, kaa," Mzee Mwita akamwambia. "Mgeni hajala. Hapa hakiguswi kitu."

Meneja wa mgodi akaketi. Mafuta ya nyama yakaganda.

Mwishowe kamba ikavutwa. Bwana Chura akatoka mzima, akavua barakoa, akakuta baraza la wazee na bosi wake kwenye kigoda. Mzee Mwita akamkabidhi paja la mbuzi.

Akatafuna kwanza. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini kamba ilitetemeka vile.

Nikamwambia ni upepo.

Spana nadhani iko kule mpaka leo.

Nilichobeba: oksijeni ni nzuri, ukarimu ni mzuri, hata spana ya kampuni ni nzuri. Ubaya unaanza pale walioko juu wanapompangia kipimo aliyeko majini.

Haya, wenye kompyuta zenu: hewa inapimwa, sawa. Winchi ameishika nani? Semeni hapo chini.