Kibao Kilichohama Ziwani Kisale

Nianze kwa kukiri kosa. Mwaka jana mjomba Kabange, kaka yake mama yangu, ninayemwita Manseba kama ilivyo desturi yetu, alinitumia kutoka Kinkondja bata bukini wawili waliokaushwa kwa moshi. Niliwala kwanza, nikauliza baadaye. Aliponieleza kwa simu kwamba aliwashika kwa mikono, kwa sababu kiangazi hupukutisha manyoya ya mbawa na hawawezi kuruka, niliona aibu. Mimi ni mwalimu hapa Kamina, na kila Jumamosi nakutana na wenzangu wa kikundi cha wapenda ndege wa maji. Tunawaambia watu wasiue ndege asiyeweza kujiokoa, kumbe mimi nimeshiba naye.

Basi likizo kubwa ya mwaka huu, wenzangu walipogawana kazi, wengine wakaenda kuhesabu ndege kwenye mabwawa ya karibu na wengine kuchora picha za kufundishia. Mimi nilidai Kinkondja. Nilibeba tangazo la uwindaji, linaloeleza msimu unafungwa lini na nani anatakiwa kuwa na kibali, pamoja na kibao cheupe chenye maneno USIWINDE HAPA. Manseba alikuwa ameahidi kufunga uwindaji kwenye kona yake ya Ziwa Kisale, ila kwa sharti kwamba jirani yake, Papa Banza, naye akubali.

"Minyi nikibaacha na Banza akibakamata, nitakuwa nimechunga nyama yake bure," aliniambia kwenye simu, kwa Kiswahili cha kwao, ambamo minyi ni mimi na ba- ni wa-. Bila Banza, hapakuwa na mapatano.

Treni ya asubuhi iliondoka Kamina alasiri, na hakuna aliyeshangaa. Kulipokucha tulikuwa tumesimama Luena, na hapo nilinunua mihogo ya kuchemsha na karanga. Mama aliyeniuzia alikitazama kibao changu kilichofungwa kwa kamba.

"Madame, unaenda kukataza bantu wapi?"

"Kinkondja, mama. Kwa bata."

Alicheka mpaka akasahau kunipa chumvi.

Kutoka Bukama tuliteremka Lualaba kwa boti la mbao, mimi nikiwa nimekaa juu ya magunia ya unga. Maji yalikuwa yamepungua, kingo zimejaa mafunjo, na kila tulipopinda tuliwarusha korongo na bata wadogo. Nilikuwa na furaha kubwa. Mama yangu alizaliwa upande huo, lakini mimi nilikuwa sijawahi kufika.

Kinkondja ilinipokea kwa harufu ya samaki wanaokauka. Manseba, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa kali, alinipokea bandarini na baiskeli ya kubebea mizigo.

"Mwipwa wangu, umekonda. Kamina habakupi chakula?"

Kwetu mtoto wa dada ndiye mwipwa, na mwipwa hudekezwa. Nilikula samaki mpaka nikaomba huruma.

Siku ya pili asubuhi wavuvi walikusanyika kunisikiliza. Nilisoma tangazo kwa Kifaransa, kisha nikalieleza kwa Kiswahili. Papa Banza, mfupi, mwenye sauti nzito, alikaa mbele amekunja mikono.

"Tunafunga wapi?" aliuliza. "Ziwa yote? Batoto batakula nini?"

"Si ziwa lote, papa. Kona ya Manseba tu, mpaka bata waote manyoya. Kwingine fuateni tangazo."

Alikunjua mikono. "Kama ni kwa Kabange, minyi sina neno. Sitaingia kule."

Nilitaka kuruka kwa furaha. Mchana huohuo mimi, Manseba na wavuvi wawili tulitoka kwa mtumbwi, nikachagua mwenyewe mahali pa kibao: kisiwa kidogo cha mafunjo chenye kibanda kitupu na jivu la moto. Ardhi ilibonyea chini ya miguu yangu, nikadhani ni tope. Nilipokuwa nikipigilia mti wa kibao, Manseba alivuta kofia usoni.

"Hapa ni pazuri?" nilimuuliza.

"Weye njo mwalimu," alijibu, kana kwamba mimi ndiye mjuzi wa ziwa.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na ile sauti nzito uani.

"Kabange! Muliniambia kwenu. Juu ya nini kibao iko mbele ya nyumba yangu?"

Nilitoka mbio na kitenge kimefungwa upande. Niliapa kwamba sijakigusa. Papa Banza hakunisikia. Alisema tumemdanganya mbele ya watu, kwa hiyo mapatano yamekufa na leo anaenda kuwinda. Manseba alikuwa ameinama, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Mwipwa, visiwa bya huku binatembea. Upepo inabisukuma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nitamufundisha mwalimu mbele ya bantu?"

Nilimkasirikia, kisha nikajikasirikia zaidi. Kazi nzima ilikuwa inaondoka na Papa Banza, aliyekwisha kushuka kuelekea majini. Tulimfuata kwa mtumbwi.

Kibao kilisimama wima majini, mbele ya nyumba yake ya ukingoni, kizuri, cha kuchekesha. Na ndani ya mafunjo ya kisiwa kile, bata bukini walikuwa wamejibana. Nilihesabu kumi na wawili. Walikuwa wamesafiri na maficho yao. Mmoja alipiga mbawa zake zisizo na manyoya marefu, akajikwaa kwenye majani, akabaki akitutazama.

Papa Banza alikuwa karibu naye kiasi cha kumshika shingo. Alinyoosha mkono. Sikuwa na neno lolote la tangazo kichwani, nilisema tu, "Papa, tafadhali."

Mkono ulibaki pale, kisha ukarudi kwenye kasia.

"Kama bako kwangu, minyi njo nitabachunga," alisema polepole. "Kisiwa ikirudi kwa Kabange, atabachunga yeye. Kibao isitoke."

"Na kikienda kwa mwingine?" Manseba aliuliza.

"Tutamwambia."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, bila karatasi, mtumbwi kwa mtumbwi. Nilikaa siku nne zaidi, na kila asubuhi tulikuwa tunauliza kwanza kibao kimelala kwa nani.

Kurudi kulikuwa kwa taabu zilezile, mto, magunia na treni, lakini nilikuwa mwepesi. Nilikuwa nimekwenda kuwaonyesha watu mahali pa kukataza, wakanifundisha kwamba katazo lifuate ndege.

Shule zilipofunguliwa, Papa Banza alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa kubwa kama kawaida.

"Madame, kibao ilifika kwa Kabange. Nilimukabizi bote kumi na mbili."

"Asante, papa. Na sasa wako wapi?"

"Leo asubuhi baliruka," alisema. "Tulisimama bote tunabaangalia. Kibao imebaki peke yake."