Bawabu Asiyejua Salamu

Bi Ashatu Kombo hajibu swali mpaka umsalimie. Si kiburi, ndivyo alivyolelewa kwao Bagamoyo, na miaka kumi na tisa ya ukarani haijamtoa tabia hiyo. Ingia ofisini kwake Kerege, kwenye kiwanda kidogo cha kukausha mananasi, useme "Naomba risiti," atakutazama kama hujafungua kinywa. Anza na shikamoo, risiti utaipata, na kipande cha nanasi juu yake.

Kazi yake ni barua. Alianza na faksi, siku hizi ni barua pepe, na wateja wote anawajua kwa salamu zao. Wa Nairobi huandika "Habari" akaweka nukta, basi. Wa Unguja huuliza mvua kwanza. Lakini hakuna kama Bi Sabah, mjane mwenye duka huko Maskati, aliyeanza kununua mananasi yao tangu enzi za marehemu baba wa Humoud, mwenye kiwanda wa sasa. Bi Sabah huandika kila Jumatatu. Huanza na jina la Mwenyezi Mungu, akatoa salamu kamili mpaka wabarakatuh, akauliza goti la mama yake Bi Ashatu, akamwombea rehema marehemu mume wake mwenyewe, akashukuru uaminifu wa miaka mingi. Ndipo chini kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa mlangoni, akataja mzigo anaoutaka. Simu haziwezi tena, masikio yamekuwa mazito.

Mambo yaliharibika siku Humoud alipopata barua ya kumwambia ameshinda gari. Mtu mzima, aliyehiji mara mbili, akaifungua! Kompyuta zote tatu za ofisi zikalala siku nne. Kwa aibu akamwita Sufiani, fundi wa mitandao kutoka Dar, naye Sufiani akaweka kitu alichokiita bawabu. Tangu hapo barua zote zilizotumwa kiwandani zilipitia kwanza kwenye mtambo ulioko huko mtandaoni. Mtambo ukazikagua, safi zikaja Kerege, chafu zikafungiwa karantini.

"Sasa utapumzika, Bi Ashatu," alisema Sufiani. "Takataka huzioni tena."

Na kweli alipumzika. Matangazo ya dawa za nguvu za kiume yalikoma, mabinti wa wafalme waliotafuta wachumba wakakoma. Sanduku la barua likawa jeupe, na Bi Ashatu akalisifu kwa kila aliyepita.

Jumatatu ya kwanza barua ya Bi Sabah haikuja. Akasema labda ana wageni. Jumatatu ya pili akaanza kukadiria umri wa yule mama. Ya tatu aliacha chai ipoe, akalichungulia sanduku la barua mpaka jioni. Alimpenda yule mama ambaye hajawahi kumwona kwa macho. Tena Ramadhani ilikuwa imekaribia, na mzigo wa Ramadhani wa Bi Sabah ndio mkubwa kuliko yote ya mwaka. Kesho yake akatafuta namba ya Hanadi, binti yake Bi Sabah, akampigia.

"Mama mzima, alhamdulillahi," alisema Hanadi walipomaliza kusalimiana, lakini sauti haikuwa na uchangamfu. "Ila amekasirika, Bi Ashatu. Ameandika mara tatu. Mzigo si kitu, anasema. Salamu! Kutoa ni suna, kuijibu ni wajibu, na nyinyi mmenyamaza mara zote tatu. Alhamisi anaagiza kwa watu wengine."

Bi Ashatu aliweka simu mezani taratibu. Humoud, alipoambiwa, alishika kichwa kwa ajili ya mzigo. Yeye Bi Ashatu kilimuuma kingine: salamu tatu zimelala bila jibu, na mwenye kujibu alikuwa yeye. Aliona haya kama aliyempita mzee njiani bila kumwamkia.

Sufiani alifika Jumatano asubuhi. Kazi ile angeweza kuifanya akiwa Dar, lakini Bi Ashatu alitaka aje amtazame usoni. Akaifungua karantini. Katikati ya washindi wa magari na mabinti wa wafalme zilikaa barua tatu za Bi Sabah, na kila moja imeandikwa ubavuni: utapeli.

"Tapeli?" Bi Ashatu akasimama. "Bi Sabah tapeli?"

"Subiri, mama yangu. Bawabu amefundishwa kwa barua za matapeli, maelfu kwa maelfu. Sasa matapeli wanaandikaje? Wanaanza na Mungu. Ni wajane. Kuna marehemu mume. Wanasifu uaminifu wako. Halafu mwisho, kuna mzigo."

Bi Ashatu akaisoma upya barua ya juu, mstari kwa mstari. Wallahi, vyote vilikuwemo. Akakaa, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Kumbe wezi wametuibia hata adabu," akasema.

"Mwambieni afupishe tu," Sufiani akashauri. "Aandike idadi ya katoni, basi."

"Nani amwambie? Wewe?"

Sufiani akarudi kwenye kazi yake. Akaliingiza jina la Bi Sabah kwenye orodha ya wanaopita bila kuzuiwa, kwa sharti mtambo uthibitishe kwamba barua imetoka kwake kweli. Kisha akamwonyesha Bi Ashatu namna ya kuifungua karantini kila asubuhi, amkague bawabu mwenyewe. Bi Ashatu akajibu barua zote tatu, kila moja peke yake, salamu kwa salamu, na katika ya mwisho akakiri yote: tumeajiri bawabu asiyejua adabu, tuwie radhi. Humoud akauliza kwani jibu moja halitoshi.

"Salamu tatu, majibu matatu," akajibiwa.

Alhamisi asubuhi hapakuwa na kitu. Bi Ashatu akachungulia karantini. Na kule hamna. Saa nne, saa tano, Humoud akiingia na kutoka kama mwenye mgonjwa. Baada ya adhuhuri kompyuta ikalia, na jina la Bi Sabah likatokea juu kabisa.

Bi Ashatu alivaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti. Jina la Mwenyezi Mungu. Salamu mpaka wabarakatuh. Goti la mama. Marehemu mume, Mungu amrehemu. "Na huyo bawabu wenu pia nisalimieni, maskini. Si kosa lake, hakupata wa kumlea."

Humoud alikuwa ameinama begani kwake, kidole kikielekea chini ya kioo. "Na mzigo? Shuka, shuka chini, mzigo anasemaje?"

Bi Ashatu akakisogeza kile kidole pembeni, akijifuta machozi.

"Tulia, Bwana Humoud. Bado tunasalimiana."