Kupima Mwendo wa Wazee wa Issuna

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nikisoma sayansi ya mazoezi na mwendo wa mwili. Wenzangu karibu wote walikuwa wanamichezo. Mimi nilizaliwa na mguu wa kulia uliopinda, nachechemea, na nilichagua somo lile kwa sababu tangu utotoni nilitaka kujua mwili unajibeba vipi.

Siku moja mhadhiri wetu alitangaza kuwa anatafuta wasaidizi wa utafiti. Alikuwa anakwenda Singida kupima mwendo wa wazee waliowahi kuanguka. Kipindi kilipoisha akaniita. Nikajua ameuona mguu wangu, anataka kuupima.

"Madam, mimi kupimwa sitaki," nikamwahi.

Akashangaa. "Nani akupime? Nasikia kwenu ni Ikungi, hukohuko Singida. Kinyaturu unakiongea?"

"Nakiongea."

"Basi nataka ushike saa."

Tulifika Issuna, kijiji cha hukohuko Ikungi, alizeti ikiwa imeshavunwa. Tukachora mistari miwili ya chokaa mbele ya ofisi ya kijiji. Mzee anatembea kutoka mstari mmoja hadi mwingine, mimi nahesabu sekunde. Walikuja wengi, wakatembea, lakini bibi mmoja akagoma. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, fimbo magotini, akasema hawezi kutembea mbele ya vijana wamcheke.

Nikamsogelea, nikamwamkia kwa Kinyaturu. Akaitikia, kisha akautazama mguu wangu.

"Na wewe, mguu umefanya nini?"

"Nimezaliwa nao hivi, bibi."

"Halafu wewe ndiye wamekuleta upime miguu yetu?"

Nilicheka, naye akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani. "Haya, nipe mkono," akasema.

Madam alituruhusu tutembee pamoja mara ya kwanza, ya kujaribu tu. Tukaenda tukigongana mabega, wazee wenzake wakimshangilia. Mara ya pili alitembea peke yake, nikabonyeza saa.

Tuliporudi chuoni, madam alinifundisha kuchambua vipimo vile, mezani kwake, jioni baada ya jioni, bila kuchoka na maswali yangu. Namshukuru mpaka leo. Sasa nasoma shahada ya pili katika idara ileile, na utafiti wangu mwenyewe ni wa wazee. Mama anawaambia majirani kuwa mwanawe anasomea kutembea. Wanapomcheka, anawajibu kwamba yeye anajua anachosema.