Alama za Bi Afiya

Nianze kwa kusema wazi: Bi Afiya Swafwan ni rafiki yangu, na mtu akimsema vibaya mbele yangu atanitambua. Miaka kumi na saba tumekaa chumba na chumba katika hospitali moja hapa Malindi. Yeye yuko ndani na mashine ya kupiga picha za tumbo. Mimi, Mwanabibi, niko nje kwenye meza ya mapokezi, na simu, na madaftari, na kelele za watu wanaodhani wao peke yao ndio wagonjwa. Yeye ni mpole. Mimi si mpole na sijawahi kujidai.

Ni mwanamke mfupi, mwembamba, buibui lake limepigwa pasi hata siku ya mvua, miwani kaifunga uzi shingoni. Akikupaka ile dawa baridi tumboni husema kwanza bismillahi, kisha hukuomba radhi kwa ubaridi wake. Wanawake wa Kakuyuni na Marafa huondoka kwao alfajiri, wakapita zahanati mbili njiani ili waje kwake, kwa sababu moja tu: Afiya hasemi. Alichokiona tumboni mwako anakijua yeye, wewe na daktari wako. Mimi nakaa mlangoni pake na hajanipa hata chembe, na nimejaribu, wallahi nimejaribu.

Sasa niwaeleze hizo alama. Mjini kwetu majina ni yale yale. Miaka sita iliyopita niliita "Fahima Awadh!" wakainuka wawili. Nikamwambia aliye karibu aingie, kosa langu nini? Picha zao zikabadilishana. Mmoja akaambiwa mtoto wake amefia tumboni, kumbe mzima, na aliyefiwa akarudi nyumbani akicheka. Afiya aliumwa homa kwa jambo lile. Tangu siku hiyo akawa anaandika juu ya picha yenyewe, pale penye weusi mtupu, maneno ya kumtambulisha mwenye picha: "mwana wa fundi cherehani, Barani", yaani mtaa wa Barani hapa mjini, au "mke wa Adnan, nyuma ya kisima, Mambrui". Hakuna picha iliyobadilishana tena.

Huyo mke wa Adnan ni Fahima Awadh wa tatu, si katika wale wawili. Habari zake nazisema leo kwa sababu Mambrui nzima inazijua. Alizaliwa hana kizazi. Aliyajua hayo miaka mitatu iliyopita, kwenye kitanda cha Afiya, baada ya kuhangaika na mizizi miaka mitano. Waliojua walikuwa yeye, mumewe, Afiya na daktari, basi. Adnan ni fundi wa majokofu kwenye mahoteli ya Watamu, hurudi kwao kila Ijumaa, na alimwambia mkewe: siri hii tutazikwa nayo. Mama Adnan, maskini, akaendelea kumletea mkwewe makombe ya dua na mizizi kila mwezi, na Fahima anakunywa.

Kisha akaja Daktari Ndirangu kutoka Nairobi na utafiti wake. Alitaka picha za matumbo za miaka yote, zifutwe majina, ziwekwe mtandaoni bure, mtafiti yeyote duniani azichukue azifanyie kazi. Data huria, ndivyo alivyoiita. Kompyuta zikifundishwa kwa picha za watu wetu, alisema, muuguzi wa zahanati ndogo ataweza kusaidiwa kuisoma picha hata kama hajasomea. Mimi niliona ni porojo. Lakini Afiya alimkumbuka Sidi wa Marafa, aliyefariki na mtoto wake aliyelala kingamo tumboni, na mashine ilikuwepo palepale zahanati, hakuna aliyeweza kuisoma. Akakubali siku hiyo hiyo.

Na ni yeye aliyewaomba wanawake ruhusa. Alikwenda mpaka majumbani mwao na karatasi na wino wa kidole. Kila mmoja alimwambia maneno yale yale: "Picha yako itatoka, jina lako halitoki." Watu walitia vidole kwa kumwamini Afiya, maana huyo Ndirangu hawakumjua.

Picha elfu nne mia tatu na kumi na mbili. Zilikuwa zitolewe Ijumaa saa nane mchana, baada ya swala. Wiki ile nilikuwa na moto kichwani. Simu hazinyamazi, mara gazeti, mara wafadhili, mara watu wanaouliza kama watalipwa. Jumanne mtu mmoja alinipigia mara mbili, saa tano na saa kumi, ati anataka kuzungumza na Bi Afiya kuhusu picha ya tumbo, hataki kusema ya nani. Nikamwambia, "Kaka, hapa si studio!" nikamkatia. Ya pili hata sikumwacha amalize salamu.

Alhamisi asubuhi Ndirangu akatukusanya ukumbini, akaturushia picha ukutani. Juu ya kila picha palikuwa na utepe mweusi pale mashine inapochapa jina. "Hapa limefutwa," akasema, "na ndani ya faili limefutwa pia." Pembeni yake alikaa Maina, fundi wake wa kompyuta, anatabasamu. Afiya alikuwa safu ya mbele na mimi ubavuni pake.

Picha ya tisa ilipotokea alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akanishika goti mpaka likaniuma.

"Chini kushoto," akaninong'oneza.

Nikasoma: mwana wa fundi cherehani, Barani.

"Hilo si jina," nikamwambia.

"Umemjua au hukumjua?"

Nilimjua. Hata viatu vyake nilivijua.

Tukatoka. Kwenye ujia Afiya aliegemea ukuta. "Mke wa Adnan wa Mambrui yumo," akasema. "Na chini ya picha yake wameandika ugonjwa wake. Watakaozipata kwanza ni wanafunzi wa kompyuta kule Kilifi, na ndugu yake Adnan yumo humo humo darasani. Mwanabibi, mama mkwe akiyajua haya, ndoa ya mtoto wa watu imekwisha."

Nikamwambia ninachokiamini. "Mashine ni yako, ufunguo ni wako. Ingia ufute hiyo moja, unyamaze. Nani atajua?"

"Na wengine?"

"Wengine hawana siri."

"Umejuaje?"

Nilikasirika tu. Nikamkumbusha kwamba jina lake lilikuwa liandikwe kwenye kazi ile, mpiga picha mkuu, na kwamba amebakiza miaka minne astaafu, na kwamba watu wa Nairobi hawana huruma. Alijitengeneza mtandio, akarudi ndani, akamwambia Ndirangu aizime mashine yake.

Loo! Sitaki kuyakumbuka yote. Ndirangu alitoa karatasi kwenye mkoba, akaigonga kwa kidole. "Bi Afiya, hapa umeulizwa kama kuna maandishi mengine ya kumtambulisha mgonjwa. Umeandika hakuna. Saini ni yako?"

"Ni yangu. Niliona si majina."

"'Mke wa Adnan, nyuma ya kisima', hilo si jina?"

"Jina lake ni Fahima, daktari. Hiyo ni njia ya kufika kwake tu. Sikulifikiria zaidi ya hapo, na ningepaswa kulifikiria."

Maina akajitetea kwamba kompyuta ilitafuta majina yote ya daftari la hospitali ndani ya picha, na haikuona hata moja. Kweli isingeona. Yeye mwenyewe aliyaona maandishi akadhani ni maneno ya kazi. Akasema basi apake weusi kona ya chini kushoto kwenye picha zote. Afiya akatikisa kichwa. "Niliandika popote palipokuwa na nafasi. Hazina budi kutazamwa moja moja, na anayewajua watu."

Ndirangu aliikunja karatasi yake, akairudisha mkobani. "Kesho hakuna kutoa kitu," akasema. Nami nikaona tumeokoka.

Ndipo Maina alipokohoa. Kuna picha mia mbili, akasema, zilikwenda Kilifi tangu Jumatatu, za majaribio. Akafungua orodha yake. Tulisimama nyuma ya kiti chake sote watatu, kidole chake kinateremka. Namba themanini na nane. Mke wa Adnan, nyuma ya kisima, Mambrui.

Ndirangu akapiga simu palepale. Mwalimu wa Kilifi akazifunga papo hapo, mtu muungwana, lakini akasema darasa lilizifungua jana asubuhi. Afiya alishika ukingo wa meza. "Naomba ruhusa nitoke," akasema. "Kama bado hajasikia, asikie kwangu." Nilichukua mkoba wangu nikamfuata. Hakuniomba.

Tulikodi tuktuk. Kutoka mjini mpaka daraja la Sabaki midomo ilimcheza Afiya kwa dua. Mimi nilimgombeza dereva kwa kila shimo la barabarani, kwa sababu nilikuwa na hofu na sijui kuwa na hofu nikanyamaza.

Nyuma ya kisima tukabisha hodi. Sauti yangu ni kubwa, ilijaa ua mzima. Mama Adnan akafungua. "Shikamoo, mama," akasema Afiya, ingawa hawapishani miaka mingi. Akaitikia marahaba ya nusu mdomo. Mlangoni palikuwa na jozi tatu za viatu vya wageni, na wanawake watatu mkekani wakanyamaza tulipoingia. Nilipoona kimya kile nikajua tumechelewa.

"Mwenyewe yuko chumbani," akasema Mama Adnan. "Kajifungia tangu jana. Labda nyinyi atawafungulia, maana nyinyi ndio mliojua."

Fahima alitufungulia. Ni msichana mrefu, macho makavu. Alikaa kitandani, na Afiya, mtu mzima yule, akaketi chini mkekani miguuni pake, akaeleza kila kitu tangu wale wawili waliobadilishiwa picha. Hakumtaja Maina wala Ndirangu. Alisema, "Niliandika mimi. Nilikuahidi nikavunja. Naomba radhi, mwanangu, na usiponipa nastahili kukosa."

"Amjad alikuja Jumanne," akasema Fahima. "Shemeji yangu. Kasafiri kutoka Kilifi, hawezi hata kunitazama. Akasema, 'Nimechungulia picha za darasani, moja imeandikwa sisi, na kesho saa nne darasa zima litaifungua. Iko kwenye mashine ya chuo, siwezi kuifuta, na mwalimu nikimwambia itabidi nimwonyeshe. Nimepiga hospitali asubuhi nimekatiwa.' Akapiga tena hapa hapa, saa kumi. Akaiweka simu kwa sauti nisikie."

Wallahi nikauvuta mkoba wangu mapajani, naye akaendelea.

"Wangesikiliza, wangeiondoa usiku ule. Hawakusikiliza. Darasani yumo mtoto wa jirani, na jana magharibi mama alikuwa ameshaambiwa. Wale wageni mliowaona wameleta habari za binti mmoja wa Gongoni. Adnan anakuja kesho. Amesema hataki mke mwingine. Lakini ni mama yake."

Afiya alikuwa analia waziwazi. "Nitaiondoa picha yako leo. Sitalala kabla sijaiondoa."

"Usiiondoe," Fahima akasema, na hapo ndipo sauti ilipompasuka. "Nimekunywa mizizi miaka mitano kwa sababu hakuna aliyejua kuisoma picha yangu mpaka nilipofika kwako. Iacheni imfundishe mwingine. Kidole nilikitia kwa picha. Toeni hayo maneno tu." Akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Na aliyeikata ile simu ni nani?"

"Sijui, mwanangu," akasema Afiya. "Nitamtafuta."

Mimi nilikuwa nimekaa palepale, mkoba mapajani. Nyie, mdomo huu haujawahi kunikosa maisha yangu yote. Siku ile niliuvuta kama unavuta ndoo kisimani.

"Ni mimi," nikasema.

Afiya akageuka kunitazama. Fahima hakugeuka.

"Nilikujua tangu ulipobisha hodi," akasema. "Nilikuwa nangoja useme."

Nilimwomba radhi. Hakunipa na hakuninyima, akatusindikiza mpaka mlangoni kwa adabu zote.

Picha zilitoka miezi mitatu baadaye, zimetazamwa moja moja, na jina la Afiya halimo, aliomba mwenyewe lisiwemo. Namba themanini na nane imo, ni picha na ugonjwa wake tu. Mke wa Gongoni hakuja. Fahima na Adnan wamepanga chumba Watamu, na Mama Adnan hajawatembelea. Wanawake walioandikwa alama ni mia sita na kumi na mmoja, na kila Jumamosi Afiya huenda nyumba kwa nyumba kuwaambia alichofanya. Wapo wanaomfukuza. Huwa ananiamuru niende naye, nami huenda, tumefika wa mia mbili na tatu.

Siku nyingine niko mezani pangu. Simu haifiki mlio wa pili sijaipokea, na simkatii mtu hata akinitukana. Fahima hajapiga.