Mlango wa Kuinua

Nilimnyang'anya baba yangu gari lake kwa nia njema, na nia njema hiyo nusura imuue. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanionea huruma kabla ya wakati wake.

Lilikuwa pikapu, kuukuu kuliko mimi. Baba alilibebea mtama, chumvi, zabibu, wagonjwa na mabibi harusi kati ya kijiji chetu na soko la Majengo, mjini, tangu sijazaliwa. Mlango wa abiria ulifungwa kwa waya kabla sijajua kusoma, kwa hiyo sote tuliingilia mlango wa dereva: watoto kwanza, tukitambaa juu ya kiti, kisha yeye. Na huo mlango wa dereva nao ulikuwa umelegea bawaba, unaning'inia. Kuufungua, unashika kitasa, unaunyanyua kidogo, ndipo unavuta. Kuufunga, unaupandisha kwa nyonga, ndipo unasukuma. Wageni waliubamiza mara tatu nne, nao ukawarudia vilevile. "Mlango huu haupigwi," baba aliwaambia, "unainuliwa." Tulikua tukiyasikia maneno hayo kama watoto wengine wanavyokua wakiambiwa wanawe mikono.

Akili zilipoanza kumtoka nilimhamishia kwangu mjini, Chang'ombe. Alikataa kuja bila gari lake, ikabidi livutwe kwa kamba mpaka uani, tukaliegesha kati ya tanki la maji na kamba ya nguo. Halikuwaka tena. Haikumhusu. Jina langu alilisahau. Kifo cha mama alikisahau, tukawa tunafiwa upya pamoja naye kila mara alipouliza, mpaka shangazi, mdogo wake baba aliyekuja kunisaidia kumlea, akanikataza kumwambia ukweli. Lakini kila asubuhi alitoka, akainua mlango, akaingia, akashika usukani, na humo ndani alikuwa mtu. Alikunywa uji humo. Alikula ugali wa uwele na mlenda humo, akajifuta mikono kwa kitambaa cha kufutia kioo. Nje ya gari hakujua hata kijiko kinashikwaje.

"Mzee leo kafika wapi?" majirani waliniuliza wakichungulia juu ya ukuta.

"Manyoni," niliwajibu, na sikucheka.

Mimi ni karani wa masjala, kazi yangu ni kuhakikisha kila faili liko mahali pake, na nikirudi nyumbani nilimkuta baba yangu amekaa ndani ya gari bovu akipungia kuku. Niliona aibu. Nimejaribu kulisema hilo kwa maneno laini zaidi, yamekataa.

Kisha siku moja, nikiwa nafua, nilisikia chuma kikilia. Chesesi, ule uti wa mgongo wa chuma ambao gari zima hukalia, ilikuwa imekatika nyuma tu ya kabini. Chumvi ya miaka yote ile ilikuwa imeila taratibu bila kutuambia. Kabini ikainamia upande, baba akiwa ndani. Hakuumia, wala hakushtuka. Alipunguza mwendo kwa mguu wake juu ya kanyagio lililokufa, akasema, "Barabara hii wameiacha sana."

Nilimwita fundi mwenye karakana chini ya mwarobaini, upande wa Makole, mtu mzima aliyekuwa akiliheshimu lile gari kuliko alivyoniheshimu mimi. Alilala chini, akatoka na vumbi la kutu usoni. Chesesi imekufa, akasema, lakini kabini ni nzima, mabati ya zamani hayo. Alikuwa na pikapu nyingine, ya miaka ya karibuni, iliyopondeka mbele njiani. Chesesi yake na injini vizima.

"Tunaivua kabini ya mzee, tunaikalisha juu ya ile. Wiki moja tu, dada, na gari linatembea."

Linatembea! Kila jioni baba aliniomba nimrudishe nyumbani, akimaanisha kijijini. Nikajiona ninamrudisha, ndani ya gari lake mwenyewe, watu wakitoka kwenye nyumba zao kutazama. Na zaidi ya hapo, sitakuwa tena mwanamke mwenye mzazi anayesafiri ndani ya gari lililosimama. Nikasema ndiyo kabla fundi hajamaliza kujifuta.

Waliivua kabini kwa mnyororo wa kunyanyulia, wakaipakia, na chesesi iliyokatika wakaiburuta nayo. Baba alitazama akiwa mlangoni. "Wanahamisha vitu vya nani?" aliniuliza kwa huruma, kama jirani.

Asubuhi yake alitoka kama kawaida. Alienda mpaka pale palipobaki doa la oili, akanyoosha mkono, akashika kitasa ambacho hakipo, akakiinua. Akangoja. Akakiinua tena. Nilikuwa nimesimama na kikombe cha uji, nimeshavaa nguo za ofisini, na nilitamani ardhi inimeze. Alisimama pale mpaka jua likawa kali na shangazi akamshika mkono. Uji aliukataa. Aliufunga mdomo kama mtoto anayepewa dawa chungu.

"Mmemvunjia nyumba," shangazi aliniambia jikoni. Alisema "mmemvunjia" kwa adabu tu, maana nilikuwa peke yangu.

Wiki moja ikapita, ya pili nayo. Chesesi mpya ilikuwa pana kuliko ile ya kwanza, mashimo ya bolti hayakukutana hata moja. Mti wa usukani ulitokea pale kanyagio la klachi lilipotakiwa kuwa. Kila saa ya chakula nilipanda bodaboda kutoka ofisini kwenda kusimama juu ya fundi, na kila siku aliniambia neno lile lile.

"Haraka haraka haina baraka, dada."

"Methali hiyo kamwambie mtu ambaye baba yake anakula," nilimjibu.

Kwa sababu baba alikuwa hali. Vijiko viwili vitatu, kwa kubembelezwa, kisha mdomo unafungwa. Shangazi alimtobolea mkanda tundu jipya kwa msumari wa moto, na baada ya siku chache akatoboa jingine. Daktari alimpima, akasema hakuna ugonjwa mpya anaouona, akashauri tumpe kile anachokipenda. Nilitoka pale nikicheka peke yangu kwenye korido, kicheko kibaya, watu wakanipisha. Anachokipenda kilikuwa chini ya mwarobaini, kinakatwa na grenda.

Na kilikatwa vibaya. Fundi alikata sakafu ya kabini ili usukani upate njia, lakini hakuchomelea kwanza vyuma vya kushikilia fremu za milango. Sakafu ilipoachia, kabini nzima ikajipinda. Nilifika nikamkuta amekaa juu ya tairi, mikono kichwani, na mlango wa dereva umesimama nje ya fremu yake, hauingii hata kwa kupigwa rungu.

"Nimekosea, dada. Kosa la mwanafunzi hili, na mimi si mwanafunzi."

Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Wateja wake walisikia, mama muuza chai alisikia. Nilipoishiwa pumzi niliketi kwenye tairi la pili, nikalia mbele yao wote, nikamweleza kila kitu: doa la oili, mkono hewani, mkanda. Fundi alisikiliza akitazama chini. Kuanzia hapo hakuniambia methali tena.

Aliifanya kazi ile kwa aibu, na kazi ya aibu ni nzuri kuliko ya pesa. Aliinyoosha kabini kwa jeki, kidogo kidogo, akipima kwa futi kutoka pembe hadi pembe. Akachomelea sakafu upya. Akatengeneza mikono ya kuikalisha juu ya chesesi, akatia mipira mipya. Mlango wa abiria akaufungua waya. Mlango wa dereva akautia bawaba mpya, mwenyewe bila kuombwa, na siku ya kulileta gari nyumbani aliniita nitazame: aliusukuma kwa kidole kimoja. Ukaingia mahali pake bila kelele.

"Kiwandani hawakuufunga hivi," alisema. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Liliingia uani likijiendesha lenyewe. Majirani walipiga makofi. Shangazi alipiga vigelegele, kisha akajifunika mdomo kwa khanga. Tulimtoa baba, mwepesi kama mtu aliyetoka kwenye homa ndefu, na alipoliona uso ukafunguka. Naapa kwa Mungu ulifunguka. Alitembea bila kushikwa. Alifika mlangoni, akashika kitasa, akainua.

Hakukuwa na cha kuinua. Mlango ulifunguka wenyewe kwa ulaini, ukampita mkononi.

Alirudi nyuma hatua moja. Aliutazama mlango, akamtazama fundi aliyekuwa amesimama na funguo.

"Mbukwa, bwana," alimsalimia kwa heshima zote. "Unisamehe. Nimekosea gari."

Akageuka, akarudi ndani, akalala ameelekea ukutani.

Siku mbili zilizofuata nilifanya vituko. Nilimtandikia kitini gunia lililonuka mtama. Niliitundika kofia yake kwenye kioo. Shangazi alimwambia kwa Kigogo, kisha kwa Kiswahili, kaka, ni lako hili, tazama kiti hiki ulikishona mwenyewe. Alikubali kwa kichwa kama anayemkubalia mwendawazimu. Kwenye uji sasa alikuwa akilowesha midomo tu. Nilianza kufikiria, Mungu anisamehe, ni nguo gani atavikwa.

Siku ya tatu nilikwenda kulitoa lile gunia garini. Nililibeba kwa mikono yote miwili, nikataka kuufunga mlango, na nyonga yangu ikaupandisha. Sikuiagiza. Mlango haukuwa na uzito wowote wa kupandishwa. Ukaruka, ukajibamiza, na mimi nikapepesuka, gunia likaanguka. Nikasimama pale kwenye vumbi. Mimi mwenye akili zangu timamu nilikuwa nimesahau, na nyonga haikusahau. Baba hakuwa na akili. Mwili tu ndio uliomfikisha kwenye lile gari kila asubuhi, na mwili ulikuwa umeambiwa si lake.

Nilimpigia fundi. Alikuja akidhani injini.

"Ulegeze mlango," nilimwambia.

"Niulegeze vipi?"

"Uharibu. Uning'inie kama zamani."

"Dada, sijawahi kuiharibu kazi yangu kwa spana yangu mwenyewe. Na hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya."

"Najua, fundi. Ndiyo maana nakupigia magoti."

Nilipiga magoti kweli, na yeye akanivuta mkono niinuke, amekasirika. Bawaba za zamani zilishakwenda na chuma chakavu. Ikabidi azipinde hizi mpya, azikwangue pini kwa tupa mpaka zicheze, na mtu pekee aliyejua mlango ule ulikuwa ukishuka kiasi gani alikuwa mimi. Yeye alipinda, mimi nikajaribu. Bado, nikasema. Akapinda. Bado kidogo. Akapinda, nikaupandisha kwa nyonga, mno, umezidi. Akarudisha. Tulifanya hivyo asubuhi nzima. Mwishowe nikashika kitasa, nikainua, chuma kikalia ule mlio wake, na nikajikuta nina miaka sita.

"Hapo," nikasema. "Usiguse tena."

Shangazi alimtoa baba. Safari hii uso haukufunguka, alikuja kwa sababu alivutwa. Mimi nilisimama kando na kikombe cha uji, nikiwa na khanga kiunoni na mikono yenye grisi. Fundi alijificha nyuma ya tanki. Baba alitazama gari bila kulijali. Kisha mkono wake, wenyewe, ukaenda kwenye kitasa, ukainua.

Chuma kikalia.

Aliuvuta mlango ukafunguka. Lakini hakuingia. Alisimama ameushikilia, akaangaza uani kama mtu anayehesabu watu wake, macho yakapita juu ya shangazi, yakapita juu ya kuku, yakanifikia mimi.

"We mdogo," alisema kwa hasira, "ingia basi, tunachelewa. Na usije ukaubamiza mlango wa watu. Unainuliwa."

Nilitambaa juu ya kiti na kikombe changu, mtu mzima na nyonga zangu, mpaka upande wa abiria. Baba akapanda, akaupandisha mlango, akausukuma, ukashika. Akaweka mikono kwenye usukani. Kisha, macho yake yakiwa barabarani, akaninyooshea mkono apewe uji.